Bango la Nguo za Harusi

Ninyi mnaochapa mabango kwa mashine pale Ukunda mmeniomba niandike habari za kazi yangu kabla sijazisahau. Ahsanteni kwa kuniwahi. Nimestaafu juzi tu, na nikinawa mikono bado nasikia harufu ya tapentaini, kwa hiyo kusahau hakujaanza. Vyeo sitavitaja, maana nilichokuwa nacho kilikuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mshahara nao tuuache, ni aibu ya walionilipa, si yangu. Nitawaeleza habari za bango moja, na za mtu niliyelichora pamoja naye, na jinsi jina lake lilivyopotea mchana kweupe. Mkiona naandika kwa hasira, ni kweli ninayo.

Mimi ni mtu wa Gazi. Kabla ya mabango nilikuwa nachora kofia. Kwetu nakshi za kofia ni kazi ya wanawake: unapiga penseli juu ya kitambaa cheupe, kisha unatoboa na kushona vitundu kimoja kimoja mpaka macho yakuwashe. Nakshi nzuri nilikuwa naihifadhi kwenye karatasi ya kaki iliyotobolewa kwa sindano. Nikitaka kuirudia naiweka juu ya kitambaa, naigonga kwa kifuko cha unga wa mkaa, na vidoto vinabaki chini yake. Kofia zikishakamilika nazipeleka Msambweni kwa mwenye duka mmoja aliyekuwa akizinunua huku akinung'unika.

Uhuru ulikuwa umekuja si zamani, na njia nzima watu walikuwa wakibadilisha vibao vyao. Kila mwenye duka alitaka Kiswahili, alitaka rangi za bendera, alitaka ngao. Hata muuza mafuta ya taa alitaka ngao na mikuki. Siku niliyopeleka kofia zangu nilimkuta mtu yuko juu ya ngazi mbele ya duka lile, amesimama na brashi mkononi, haandiki. Alikuwa amekwishaandika jina la duka kwa herufi nene za mraba, zile za serikali, na pembeni palikuwa peupe kama meno.

Alitazama chini, akaiona kofia niliyokuwa nimeishika.

"Hiyo ameichora nani?" akauliza.

"Ameichora huyu huyu," mwenye duka akajibu kwa niaba yangu. "Mwanamisi wa Gazi. Wataka kofia, fundi? Bei yapanda."

"Sitaki kofia. Nataka ile nakshi ya ukingoni, izunguke jina hili."

Nikamwambia nakshi ya kofia haikuumbwa kwa ajili ya kibao. Akacheka. Akasema herufi zile nazo hazikuumbwa kwa ajili ya duka, ziliumbwa kwa ajili ya kuwaambia watu wasipite. Basi nikatoa karatasi yangu ya vitobo kutoka kwenye kikapu, nikampandishia, akaigonga kwa mkaa palepale. Watu wa sokoni walisimama kutazama. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini, na hakuna aliyeniandikisha.

Jina lake lilikuwa Nyawa. Alikuwa Mduruma wa upande wa Kinango, mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi ila akiwa juu ya ngazi. Ujana wake wote aliumaliza akiandika vibao vya barabara na vya maofisi kwa ajili ya serikali ya Waingereza, na walipoondoka alitoka na brashi nne na mkono usiotetemeka. Alikuwa na kibanda nyuma ya soko la Msambweni, akaniambia nije tufanye kazi pamoja. Mama yangu alipiga kelele: mwanamke juu ya ngazi, watu watasema nini? Mume wangu alikuwa ameshaniacha, kwa hiyo wa kunikataza alikuwa mama peke yake. Tukapatana nivae suruali ya kaka yangu ndani ya gauni, na watu wakasema walilosema.

Fundi Nyawa alinifundisha kazi kuanzia chini. Ubao unapigwa msasa mara mbili, wa kwanza mkali na wa pili laini, na kati yake unaufuta kwa kitambaa kibichi. Ukiona uvivu kwenye ubao, utauona kwenye herufi. Brashi haioshwi kwa haraka. Mkono wa kuandikia unaegemea fimbo iliyofungwa kitambaa nchani, ili usiguse rangi mbichi. Herufi haipimwi kwa rula, inapimwa kwa jicho la mtu anayepita, na mtu anayepita ana shida zake, hana muda wako. Mimi nami nilimfundisha sindano na karatasi. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na kibao kilichotoka pale bila vidoto vya mkaa chini yake.

Tulichanganya. Nataka mlielewe neno hilo, maana siku hizi mnachanganya kwa kubonyeza na mnadhani ni jambo dogo. Fundi alikuwa na herufi zake za mraba. Mimi nilisoma chuoni kwa maalimu wa Kurani, nikajua jinsi mkia wa herufi ya Kiarabu unavyoshuka na kurudi. Kule Mombasa kwenye majumba ya sinema palikuwa na picha kubwa za filamu za Kihindi, herufi zimewekwa kivuli cha rangi mbili hata zinaonekana kama zinakurukia. Fundi alikuwa akienda kuzitazama hizo picha za nje tu, filamu yenyewe hakuingia hata siku moja. Tulichukua pindo la kanga, tukachukua milia ya mikeka iliyotiwa rangi. Kazi ilikuwa kuvifanya vikae pamoja bila kugombana. Herufi ya mraba haitaki kuambiwa ivae mkia. Unaishawishi polepole, unailainisha bega moja kwanza, halafu la pili. Tulikuwa tunaweza kubishana juu ya bega la herufi moja asubuhi nzima, na chai ikapoa.

Lakini hakuchanganya kila kitu. Ndugu yake alipofariki nilikwenda kwao kuhani, na pale penye makaburi nikaviona vile vigingi vya mbao vya wazee waliokwisha kufa, koma wanavyoviita, vimechongwa pembetatu ndogondogo kutoka juu hadi chini. Zilikuwa nzuri kupita kiasi. Tuliporudi kazini nikamwambia tuziweke kwenye ukingo wa kibao cha mkahawa tuliokuwa tukiuandikia.

"Zile si nakshi," akaniambia. "Zile ni watu."

"Lakini fundi, hazina hata jina."

"Hazina jina lililoandikwa. Wa kwetu ni nani asiyejua yupi ni babu yangu, yupi ni ndugu yangu? Mtoto mdogo atakuonyesha."

Sikuzitaja tena.

Ndipo akaja mzungu mmoja aliyekuwa na shamba bara, akauza, akanunua kiwanja cha minazi Diani, akajenga hoteli. Jina la hoteli silitaji. Wao hawakutaja letu. Alikuja mwenyewe Msambweni na gari lililojaa vumbi, akasimama mbele ya kibanda, akatazama vibao vilivyoegemezwa ukutani vikikauka. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, cha amri tupu, lakini macho alikuwa nayo.

"Mimi nataka kubwa," akasema. "Mtu natoka Likoni, naona, nafunga breki."

"Wataka la namna gani, bwana?" fundi akamuuliza.

"Namna hii yote. Changanya."

Tulifanya kazi ile msimu mzima. Ubao ulikuwa mrefu kuliko kibanda, ukabidi tuufanyie nje chini ya turubai. Herufi ya kwanza fundi aliiandika nene kama mlango wa ofisi ya mkuu wa wilaya, kisha mimi nikaipa mkia unaopita chini ya jina zima na kuinuka mwisho. Vivuli vilikuwa viwili, chungwa na buluu. Ukingoni nilitoboa nakshi ya kofia ya bwana harusi, ile ya kazi ngumu, na nje yake pindo la kanga kwa nyekundu iliyoiva. Lilipopandishwa juu ya nguzo zake penye njia panda, watu wa Ukunda walitoka kulicheka. Wakaliita bango la nguo za harusi. Kicheko chao kilikuwa kizuri, mtu anacheka huku hataki kuondoka. Fundi alisimama ng'ambo ya njia na mikono nyuma, akalitazama mpaka jua likamchoma. Sijapata kumwona vile kabla wala baada.

Yule mzungu, nimpe haki yake, alikuwa amesimama nasi. Akamwambia fundi, "Andika jina yako pale chini. Kona."

Fundi alitikisa kichwa. "Bango ni lako, bwana. Jina langu lafanya nini mlangoni pa mtu?"

Nami nikaona amesema vyema. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mchora kofia haandiki jina lake kwenye kichwa cha mume wa mtu. Fundi hatii sahihi kwenye kibao cha mwenzake. Ni sawa na kwenda harusini ukaketi kiti cha bwana harusi. Kibao kina jina la mwenyewe, na sisi tuliokiandika twajulikana, mtu akiuliza sokoni ataambiwa. Tuliamini hivyo wote wawili. Mngetuuliza siku ile tungewaona ninyi ndio hamna adabu.

Bango lilileta watu, na hoteli ikaniajiri niwe mwandishi wake wa vibao. Fundi alikataa kuajiriwa, akabaki na kibanda chake. Mambo yalikuwa mazuri kwa miaka michache, kisha yule mzungu akauza na kurudi kwao, na wenye hoteli wapya wakaleta mchoraji kutoka Nairobi. Alikuwa kijana mpole, mwenye miwani, anayeniita mamii. Alisimama chini ya bango letu akakuna shingo.

"Mamii, hii kitu iko bize sana," akasema. "Jicho haijui iende wapi. Mtu wa siku hizi anataka herufi moja, rangi moja, nafasi kubwa. Safi tu."

Nikamuuliza, "Wataka tulifanyie nini?"

"Tulitoe. Si baya, usiskie vibaya. Ni la zamani tu."

La zamani! Rangi yake ilikuwa haijapauka. Wakaliteremsha, wakaweka ubao mweupe wenye herufi nyembamba za buluu, na sitaki kuwadanganya, zilikuwa herufi nzuri, zimepangwa kwa jicho lililosoma. Kilichoniuma ni kwamba baada ya hapo njia nzima ikataka vivyo hivyo. Mwenye duka la nguo, kinyozi, muuza mafuta ya taa aliyetaka mikuki, wote walimwendea fundi Nyawa wakitaka herufi nyembamba juu ya cheupe kama za hoteli. Aliwaandikia wachache, vibaya kwa makusudi nafikiri, kisha wakaacha kumwendea. Macho yake nayo yakaanza kuingia ukungu. Akafunga kibanda na kurudi kwao ng'ambo ya Kinango, akafuga mbuzi anaowajua kwa sauti ya njuga.

Bango letu seremala wa hoteli alilipunguza upande mmoja, akalitumia kuwa ukuta wa banda la dobi, uso wake ukiwa ndani. Miaka yote iliyofuata nilipita pale kila siku. Mimi niliandika Usikimbie Kando ya Bwawa. Niliandika Viatu Vyenye Mchanga Haviruhusiwi. Nimeandika Tafadhali mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Kwale, na zote kwa herufi nyembamba za buluu. Jioni nilikuwa naingia kwenye banda la dobi kwa kisingizio cha kuomba maji ya moto, nasimama kati ya mashuka, natazama mkia wangu ukipita chini ya herufi za fundi. Madobi walidhani nina jamaa mle.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu akaja mgeni, mama mmoja wa kizungu anayekusanya vitu vya zamani. Alikwenda kwa dobi kufuata blauzi yake, na kelele alizopiga tulizisikia mpaka mapokezi. Alipiga picha, akapiga magoti, akaita meneja. Kumbe kuchanganya kumerudi. Kumbe huko kwao sasa herufi moja na rangi moja ni za zamani. Wakalibomoa lile banda kwa mikono, polepole, kama wanatoa mtoto kisimani, wakalisafisha bango, wakalitundika ukutani mapokezi na kuliwekea taa yake peke yake.

Meneja alikuwa mtu mpya, wa bara, mwenye heshima zake. Akaniita ofisini. Akanipa kadi nene nyeupe na kipande cha karatasi chenye maneno ya kunakili kwa mkono wangu mzuri. Yaliandikwa: Sanaa ya Pwani. Mchoraji Hajulikani.

Niliyasoma mara mbili nikidhani nimekosea.

"Bwana meneja," nikamwambia, "mchoraji ajulikana. Yuwaitwa Nyawa, na yu hai, yuko kwao Kinango, afuga mbuzi."

Akatabasamu. "Mama Mwanamisi, kuna sahihi mahali?"

"Hatukuwa tukitia sahihi."

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Si nimekwambia? Nilikuwapo. Mkia ule ni wangu."

"Sikatai, mama. Lakini huyu mgeni ataliandika kwenye gazeti la huko kwao, atataka ushahidi. Halafu, nikwambie ukweli, wageni wanapenda vile. Ikiwa hajulikani, mtu anasimama anafikiria. Ukimwambia ni mzee fulani wa mbuzi, anapita."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililonikata maini. Nilitoka na kadi yake, nikakaa kwenye meza yangu, nikaandika kwa herufi za fundi, nene, za mraba, zenye mabega laini: Limechorwa na Fundi Nyawa wa Kinango. Nikaibandika mwenyewe. Ilikaa siku moja. Kesho yake palikuwa na kadi nyingine, imechapwa kwa mashine, ina Kiingereza na Kijerumani, na katika lugha zote mbili alikuwa hajulikani. Meneja hakunigombeza. Alinipa pole, kama mtu aliyefiwa.

Kwa hiyo wanangu, tieni sahihi. Itieni katikati ya herufi, ndani ya tumbo lake, ambapo seremala hawezi kuikata. Watakaowaambia hamna adabu ni sisi wazee, na sisi tulikosea. Adabu yetu ilikuwa ya mahali ambapo kila mtu amjua mwenzake, na tukaipeleka hotelini.

Nilipoacha kazi, safari yangu ya kwanza ilikuwa kwenda kwa fundi. Mvua ilikuwa haijaonekana kule kwa muda mrefu. Mkaza mwanawe aliniletea kikombe cha maji ambayo najua yalitoka mbali, nikaona haya kuyanywa na haya kuyaacha. Fundi alikuwa amekaa mlangoni, macho yamekuwa meupe yote mawili.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Sauti ya Gazi hiyo," akasema. "Mwanamisi! Karibu, mwanangu. Wa huko hawajambo?"

"Hawajambo. Fundi, bango letu limerudi."

Nikamweleza yote, mama wa kizungu, banda la dobi, taa. Alicheka mpaka akakohoa, akapiga goti kwa kiganja. Kisha akauliza nilichokuwa nikikiogopa tangu nilipotoka Ukunda.

"Na wameandika nini chini yake?"

"Wameandika jina lako."

"Wacha! Kwa herufi gani?"

Basi nikamchorea kwa mdomo. Nilimwambia zile za mraba alizokuwa akiziandika yeye, mabega yamelainishwa, kivuli cha chungwa, na mkia mmoja unaotoka kwenye herufi ya mwisho na kurudi chini ya jina lote. Kidole chake kilikuwa kinakwenda juu ya goti, kinaandika ninavyosema. Alikuwa na furaha, naye alikuwa mtu asiyejua kuificha wala kuionyesha, inamkaa tu usoni. Nikaona nimefanya vyema, na kama ni dhambi nitaibeba.

Kidole kikasimama.

"Na lako," akauliza, "wameliweka wapi? Juu ya langu ama chini?"

Kadi niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe ilikuwa na jina lake peke yake. Na huu uongo, nilioupanga njia nzima kituo kwa kituo, uongo ambao ningeweza kuweka ndani yake chochote nilichotaka, nao ulikuwa na jina lake peke yake. Langu halikunijia hata mara moja. Nilisikia njuga za mbuzi nyuma ya nyumba, nikabaki nazihesabu.

Fundi akainua uso, akaugeuza huku na huku akinitafuta.

"Mwanamisi," akasema, "bado upo?"

"Nipo, fundi."